Printa Nzima, Draiva Hakuna

Printa inavuta karatasi vizuri, wino umo, waya wa USB mzima. Ichomeke kwenye kompyuta ya Windows 11: kimya. Kiwanda kiliitolea draiva ya biti 32 tu, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Fundi anakwambia, "Bosi, hii tupa, chukua mpya." Itupwe kwa kosa gani?

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kukitumia kifaa. Kwa kawaida huiandika mwenye kiwanda, maana ndiye anayezijua amri za chipu zake. Akichoka kuiandika, simlaumu. Ninachomlaumu ni kuondoka na siri. Fedha yangu ameshakula, kifaa ni changu, halafu maelezo ya kukitumia ameyafungia kabatini ili nirudi dukani. Huo ni ukora, hata ukivishwa suti.

Wala tusidanganywe kwamba vya zamani havitunziki. Chipu ya Intel 386 ilitoka 1985. Mfumo endeshi wa Linux haukuamua kuiacha hadi mwishoni mwa 2012. Inawezekana kwa sababu draiva zake nyingi zimo ndani ya kiini cha mfumo, msimbo uko wazi, na kiwanda kikifilisika leo, kesho mtu mwingine ataendelea kuzirekebisha.

Wanaonyimwa maelezo hupapasa gizani. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds aliyeianzisha Linux aliinyooshea Nvidia, kampuni ya kadi za picha, kidole cha matusi mbele ya kamera kwa kutoshirikiana na Linux. Utovu wa adabu, ndiyo, nami nilimpigia makofi. Nvidia ilikuja kuweka wazi msimbo wa moduli zake za kiini Mei 2022. Miaka kumi! Tena kwa kadi za kizazi cha Turing na za baadaye. Kongwe zikaachwa zilivyo.

Na kadi kongwe, printa kongwe, skana kongwe zinaishia wapi kama si kwetu, tunaonunua mtumba? Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, yanadai vyeti vya ubora kabla bidhaa haijaingia nchini. Basi yaongeze sharti: siku mtengenezaji anapoacha kutoa draiva, aweke hadharani maelezo ya kifaa, mafundi wetu waandike yao. Asiyetaka, kontena lake libaki bandarini.