Fundi Anabahatisha Kwa Sababu Tunamlipa Abahatishe

Wadau, leo nina ugomvi na watu wa rika langu. Nawazungumzia wasomi wenzangu, wale ambao tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012 wamekuwa wakimiminika Bariadi kufanya kazi serikalini, benki, kwenye miradi na kwenye habari kama mimi. Wengi tumekuja na magari ya Kijapani yaliyokwisha kufikia umri wa kupiga kura. Na kila tukikutana jioni kwenye nyama choma, wimbo ni ule ule: "Huku mafundi hakuna. Huku wanabahatisha tu."

Kubahatisha kupo, sikatai. Ninachouliza ni hiki: nani anamlipa fundi abahatishe? Jibu langu mtanisamehe. Ni sisi wateja.

Chukueni mfano wa stelingi, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Gari yangu ni Corolla ya mwaka 1998, ile yenye pawa stelingi ya mafuta. (Magari mengi ya siku hizi yanatumia mota ya umeme, hayana habari na mambo haya.) Mwezi uliopita nikitokea Lamadi ikaanza kunguruma kila nikikata kona, na usukani ukawa mzito. Kufungua boneti, kitangi cha mafuta ya stelingi kimeshuka chini ya alama. Kesho yake asubuhi nikakuta doa jekundu chini ya gari.

Doa jekundu lina maana yake. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Maji ya rejeta kwenye Toyota nayo yanaweza kuwa mekundu, lakini ukiyashika unajua ni maji. Haya yalikuwa yanateleza vidoleni. Ni ATF, mafuta ya gia za otomatiki, ambayo Toyota nyingi za umri huo huyatumia pia kwenye stelingi.

Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilimaliza kesi kwa dakika mbili. Kijana akachungulia chini, akaona raki imelowa, akainuka: "Braza, raki imekufa. Kuna duka Mwanza nalijua, wanaituma leo leo." Bei ya hiyo raki ya mtumba ilikaribia kodi yangu ya nyumba ya miezi mitatu. Nikamshukuru, nikaondoka.

Gereji ya pili nikamkuta mzee mmoja. Nikampa shikamoo, nikamweleza, kisha nikamwambia: "Mzee wangu, leo sitaki utengeneze kitu. Nataka unitafutie mafuta yanatokea wapi. Kazi ya kutafuta nakulipa elfu kumi na tano, upate usipate." Akanitazama kama mtu aliyepotea njia. "Mwanangu, hela ya kuangalia tu?" Naam, hela ya kuangalia tu.

Kilichofuata kilichukua kama saa moja na hakikuhitaji kompyuta. Injini ikiwa imepoa, akaosha kwa maji ya sabuni kila palipolowa, kuanzia kitangi, pampu na mapaipu mpaka raki, akakausha kwa kitambaa. Akatandika boksi safi chini ya gari. Akajaza mafuta mpaka kwenye alama. Akaniambia niwashe, nizungushe usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, ila nisiung'ang'anize pale mwisho, maana hapo presha inapanda sana na pampu inaumia.

Yeye akashika tochi na kuanza kuangalia kuanzia JUU. Hapo ndipo penye elimu, wadau! Mafuta yanatiririka kwenda chini, na gari ikiwa kwenye mwendo upepo unayasukuma nyuma. Yanapodondokea sipo yanapotokea. Akapitisha kidole nyuma ya puli ya pampu: pakavu. Akabinya zile buti za mpira mwishoni mwa raki: kavu. Sili za raki zikifa, mafuta hujaa humo. Baada ya muda akaniita nione mwenyewe. Mpira unaorudisha mafuta kwenye kitangi, pale ulipobanwa na klempu, ulikuwa umekakamaa na kupasuka. Tone linajikusanya, linashuka taratibu kwa kufuata paipu mpaka kwenye raki. Raki ilikuwa inasingiziwa!

Dawa yake: kipande kipya cha mpira wa kustahimili mafuta (siyo ule wa maji), klempu mbili na ATF. Kisha kutoa hewa. Matairi ya mbele yananyanyuliwa, injini ikiwa imezimwa usukani unazungushwa mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku kitangi kikiongezwa mafuta, halafu gari inawashwa na zoezi linarudiwa mpaka mapovu yaishe. Gharama yote, pamoja na ile elfu kumi na tano, haikufika robo ya bei ya raki.

Sasa tufanye hesabu. Yule kijana wa kwanza si mjinga. Anajua wateja wake hawalipi kutafuta tatizo, wanalipa kufunga spea. Angelala chini ya gari saa nzima akakuta klempu imelegea, angepata nini? Buku mbili na "Mungu akubariki, fundi." Akisema raki imekufa, anapata hela ya kufunga na cha juu kutoka dukani. Fundi mwaminifu analala njaa, fundi wa kukisia analipwa mara mbili. Halafu tunashangaa wakisiaji wanaongezeka!

Nchi hii tumeshapita njia hii kwenye homa. Zamani kila homa ilikuwa malaria, unapewa dawa unakwenda zako. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kumeza dawa, na leo hata zahanati za vijijini wanakutoboa kidole. Hakuna msomi anayelalamika kulipia kipimo eti kwa sababu kimeonyesha hana malaria. Kwa nini gari tunataka itibiwe kwa macho?

Najua mtakayoniambia. La kwanza: "Si uongeze mafuta tu, maisha yaendelee?" Kuna watu wanatembea na chupa ya ATF kwenye buti ya gari kama wagonjwa wanaotembea na vidonge. Wajue kwamba pampu inalainishwa na mafuta hayo hayo. Ikivuta hewa inajisaga, na vile vyuma vinazunguka kwenye mfumo mzima. Hapo tatizo la klempu linakuwa la pampu na raki kweli. Mafuta yakiishia njiani usukani haukatiki, lakini unakuwa mzito ghafla, labda wakati unamkwepa mtoto wa baiskeli au ng'ombe aliyeingia barabarani. Na yakirukia ekzosi iliyowaka moto, yanaweza kuwasha gari.

La pili: "Kuna dawa ya chupa ya kuzuia kuvuja." Dawa nyingi za namna hiyo zinalainisha sili zilizokauka. Zinaweza kupunguza jasho la sili kwa muda. Mpira uliopasuka haziuungi.

La tatu ndilo zito: "Mafundi wengine ni wezi, atachukua hela ya kuangalia na asiangalie." Ni kweli wapo. Ndiyo maana usilipie maneno, lipia kuonyeshwa. Akuoshee, akukaushie, akuonyeshe tone likitoka. Asipokuonyesha palipolowa, hakuna spea inayonunuliwa. Na ukiona anataka kukufungia mpira wa kawaida na klempu kwenye paipu ya presha, ile inayotoka kwenye pampu kwenda kwenye raki, mkimbie. Presha ya upande ule inaweza kupita mara 30 ya upepo wa tairi lako. Pale panataka paipu yake iliyobanwa kwa mashine.

Serikali nayo isijifiche nyuma yangu. Kila mwaka tunabandikiwa stika za Nenda kwa Usalama. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973. Lakini trafiki akikusimamisha anaulizia kizimamoto na pembetatu, na ni nadra sana kumwona ameinama kuangalia chini ya gari kunavuja nini. VETA wana utaratibu mzuri wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Naomba katika vipimo hivyo kutafuta tatizo kuhesabiwe kuliko kufungua na kufunga bolti. Na wenye gereji, andikeni bei ya ukaguzi ukutani kwa rangi, kama kinyozi anavyoandika bei ya kunyoa, ili mteja akifika ajue akili nayo inauzwa hapa.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeushika huo usemi tukasahau kwamba lazima kwanza uuone ufa wenyewe uko wapi. Kazi ya kuuona ina mwenyewe, inachafua nguo, inaumiza mgongo, na mpaka sasa tunataka ifanywe bure.

Kwa hiyo wewe msomi mwenzangu, kabla hujasema tena kwamba Bariadi hakuna mafundi, jibu swali moja tu: mara ya mwisho ulimlipa lini fundi kwa sababu alikuambia spea HAIHITAJIKI?