Mikisa ni ya Muziki, Prosesa ni ya Spika

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata nizungumzie kifaa ambacho bendi nyingi hukinunua kwa pesa nzuri halafu hukitumia kama pambo: prosesa ya spika. Ni kile kisanduku chembamba chenye taa nyingi kinachofungwa kwenye raki, kati ya mikisa na amplifaya. Wengi wameiona dbx DriveRack au Behringer DCX2496 wasijue inafanya nini pale.

Msimamo wangu ni huu: mikisa ni ya muziki, prosesa ni ya spika. Bendi isiyotenganisha kazi hizi mbili itaendelea kununua twita kila msimu wa harusi, hata ikiwa na vyombo vya bei gani.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni ya zamani: kila sehemu ya mfumo ifanye kazi yake moja, na isiingilie ya mwenzake. Kwenye mikisa kuna maamuzi ya muziki. Gitaa la solo lipande, sauti ya mwimbaji iwe na mwangwi kidogo, ngoma kubwa ipunguzwe. Maamuzi hayo hubadilika kila wimbo. Kwenye prosesa kuna maamuzi ya spika: masafa gani yaende wapi, na mwisho wa nguvu ni upi. Hayo hayabadiliki mpaka ubadilishe spika zenyewe.

Tuanze na kuunganisha. Sauti inatoka kwenye mlango mkuu wa mikisa, kushoto na kulia, kwa kebo za XLR, inaingia kwenye prosesa. Kutoka prosesa inagawanyika: mlango mmoja unakwenda kwenye amplifaya ya sabufa, mwingine ya spika za kati, mwingine ya honi za juu. DCX2496 kwa mfano ina milango 3 ya kuingilia na 6 ya kutokea, kwa hiyo inatosha mfumo wa njia tatu pande zote mbili. Kama una ikwalaiza ya nje au kompresa, ikae kabla ya prosesa. Baada ya prosesa kusiwe na kitu kingine isipokuwa amplifaya. Ukiweka kifaa chenye vitufe vya kuongeza sauti baada yake, ni kama kujenga lango halafu kutoboa ukuta kando yake. Monita za jukwaani zina njia yake kutoka milango ya aux. Usizipitishe kwenye prosesa ya spika kuu.

Sasa krosova. Honi ya juu ina utando mdogo na koili nyembamba. Ukiipelekea besi itakufa, na haitachukua muda. Tuseme mtengenezaji anasema honi yake ianze 1,600 Hz. Ukichagua mkato wa Linkwitz-Riley wa desibeli 24 kwa kila oktavu, ule uliotokana na kazi ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley mwaka 1976, basi kwenye 800 Hz nguvu inayofika kwenye honi ni takriban sehemu moja kwa 250 tu. Pale masafa mawili yanapokutana, kila upande umeshuka desibeli 6, na vikijumlishwa sauti inatoka sawa, bila kilima wala shimo. Hii si kazi ya masikio. Chukua karatasi ya mtengenezaji, soma nambari, ziandike kwenye mashine.

Upande wa chini nao unahitaji mkato. Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne unatoa 41 Hz. Sabufa nyingi zenye tundu haziwezi kushuka chini sana ya hapo. Zikilazimishwa, utando unacheza bila breki, na watu hawasikii chochote cha maana. Kata chini ya 35 au 40 Hz kufuatana na sabufa yako. Utaokoa spika na hakuna mchezaji atakayelalamika.

Halafu limita, ambayo naona ndiyo sababu kubwa ya kununua prosesa, na ndiyo wengi wanaiacha wazi. Hesabu yake ni ya darasa la fizikia. Spika ya wati 400 yenye omu 8 inafikia kikomo chake kwenye kipeo cha pili cha 400 mara 8, yaani volti 56.6. Kama amplifaya yako inakuza kwa desibeli 32, inazidisha volti mara 40. Kwa hiyo volti 56.6 gawanya kwa 40 ni volti 1.41 inayotoka kwenye prosesa. Kwa kuwa 0 dBu ni volti 0.775, hiyo ni kama +5 dBu. Weka limita hapo au chini kidogo. Honi ya wati 50 kwa amplifaya ya aina hiyo hiyo ni volti 20 gawanya kwa 40, yaani volti 0.5, karibu -4 dBu. Tazama tofauti: desibeli 9 kati ya milango miwili ya kisanduku kimoja. Fundi anayeweka limita zote sawa kwa kukadiria ameilinda sabufa na kuichoma honi.

Hesabu hii inasimama tu kama vifundo vya amplifaya viko palepale ulipopigia hesabu. Mimi napendelea vifunguliwe vyote mpaka mwisho, kisha vizibwe kwa utepe. Ukipiga hesabu vikiwa nusu halafu mtu akavifungua, ulinzi umekwisha na taa za prosesa zitaendelea kuwaka kijani kana kwamba mambo ni shwari.

Hapo ndipo tatizo la watu linapoingia. Katikati ya onyesho mpiga besi anataka besi zaidi, mwenye harusi anataka sauti zaidi, binamu wa mpiga ngoma anajua mambo ya vyombo. Kila mmoja ananyoosha mkono kwenye raki. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Prosesa nyingi zina neno la siri la kufungia mipangilio. Litumie. Hifadhi mipangilio kwa jina linaloeleweka, kwa mfano aina ya spika na tarehe, na uandike nambari zote kwenye daftari. Anayetaka besi zaidi apewe kwenye mikisa. Limita ikianza kukata, jibu la kweli ni spika zaidi. Kufungua limita si jibu.

Najua pingamizi. Wapo wanaosema mikisa za kidijitali za siku hizi zina ikwalaiza na dilei kwenye milango ya kutokea, prosesa ya nini tena? Sawa, zinazo. Lakini mipangilio hiyo inakaa kwenye faili lilelile linalopakiwa upya kila bendi mpya inapopanda jukwaani. Mgeni akipakia faili lake, ulinzi wako umefutika. Kitu cha kulinda mali hakiwekwi mahali ambapo kila mpita njia ana ruhusa ya kuandika.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: spika zenye amplifaya ndani. Hizo nyingi tayari zina prosesa ya mtengenezaji, anayezijua kuliko mimi na wewe. Hapo nakubali, usiziwekee krosova nyingine ndani ya sanduku lilelile. Kama unataka kuongeza, iwe dilei au marekebisho ya ukumbi tu. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, kwa hiyo spika iliyo mbele ya mwenzake kwa mita moja icheleweshwe karibu milisekunde 3. Kwa kupima ukumbi, maikrofoni ya kupimia na programu ya bure kama Room EQ Wizard kwenye laptopu vinatosha kuanzia. Pima sehemu kadhaa za ukumbi, maana vipimo vya sehemu moja vinadanganya.

Jambo la mwisho si la pesa. Ukishaunganisha vifaa vingi namna hii utasikia mvumo, nguuu, kwenye spika. Kuna mafundi wanaoutibu kwa kukata waya wa athi kwenye plagi. Mvumo unaisha, ndiyo. Lakini umeme wetu ni volti 240, na mwimbaji ameshika maiki ya chuma mdomoni. Kifaa kikipata hitilafu, yeye ndiye atakuwa waya wa athi. Tumia kebo za XLR zenye waya zote tatu, chukua umeme wa mikisa na amplifaya sehemu moja, na ikibidi weka transfoma ya kutenganisha kwenye njia ya sauti. Athi usiiguse.

Basi, kabla bendi yako haijachanga pesa za amplifaya kubwa zaidi, kaeni jioni moja na karatasi za spika mlizonazo, kikokotoo na prosesa. Wakati wa kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unauzwa kwa jozi. Mwenye hoja tofauti, karibu tujadiliane.