Piloti akisema hapana, tumusikilize



Vijana wenzetu wanapanda ndege ndogo kwenda Shabunda. Si kwa raha: barabara imekufa, basi chumvi, sabuni na mafuta vinapita hewani pamoja na watu. Na mvua ikifunga milima, maneno ni yaleyale: "Piloti, twende tu! Unaogopa mvua?"

Ndiyo, aogope. Na sisi tuogope pamoja naye.

Tujue kwanza tunaishi wapi. Utafiti wa setilaiti uliotoka 2016 ulionyesha kwamba mahali panapopigwa na radi kuliko pote Afrika ni huku kwetu mashariki ya Kongo, upande wa magharibi wa milima: karibu radi 205 kwa kila kilomita ya mraba, kila mwaka. Duniani ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela, tu linalotupita.

Wengi wanafikiri hatari ni radi kuchoma ndege. Hapana. Muuaji mkubwa ni upepo. Ndani ya wingu la ngurumo upepo unainua ndege kwa nguvu, kisha unaitupa chini. Chini ya wingu, upepo unamwagika kama maji ya ndoo, unagonga udongo, unatawanyika pande zote. Ndege inayotaka kutua inakosa hewa ya kuibeba, na ardhi iko karibu. Njo ilivyokuwa Kinshasa tarehe 4 Aprili 2011: ndege ya ONU ilikuta dhoruba ku N'djili, watu 32 kati ya 33 wakafa. Na ile ilikuwa ndege ya jeti. Sasa ndege ya viti 19 itafanya nini?

Kwetu kuna milima tena. Kahuzi ina mita 3,308, na wingu linaificha yote. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo iliyotoka Kisangani iligonga mlima karibu na Kavumu, hewa ikiwa mbaya. Watu 17, hakuna aliyepona.

Marubani wanafundishwa kukaa mbali na dhoruba kali, karibu kilomita 37. Wanajua pia kwamba mawingu haya yanakomaa mchana, jua likisha kupasha milima. Kwa hiyo ndege ya asubuhi inayongojeshwa hadi saa nane ili mizigo iongezwe, inapelekwa mu kinywa cha dhoruba. Hiyo si bahati mbaya. Ni uamuzi wa mtu.

Tunadai hivi:

1. RVA na METTELSAT waweke watu na vyombo vya kupima hewa, Kavumu na kwenye viwanja vidogo vya ndani, na piloti apewe habari kabla ya kuruka.

2. Go-Pass, ile pesa inayolipwa na abiria, ililetwa kwa ajili ya kutengeneza viwanja. Hesabu yake itolewe mbele ya raia.

3. Piloti anayekataa kuruka asifukuzwe, asikatwe mshahara.

4. Barabara ya Shabunda itengenezwe. Mama muuza chumvi asilazimishwe kuchagua kati ya njaa na dhoruba.

Na sisi abiria tuna kazi yetu: tuache kutukana piloti anayengoja. Kulala uwanjani siku moja ni hasara ya franga. Franga zinatafutwa tena.