"Samehe" Isiwe Kamba ya Kumfungia Biharusi



Huku Sanya Juu nilikoolewa, chini ya Kilimanjaro, baridi ikishuka tunafunga milango mapema, na tamthilia ndizo mazungumzo yetu. Iliyotushika sasa ni Merlin, ile ya Uingereza iliyooneshwa kuanzia 2008 hadi 2012. Ina majoka na uchawi, lakini ukiyaondoa hayo, inabaki nyumba ya watu wanaosalitiana. Kila tukiizungumza nasikia hukumu moja: "Mwenye mapenzi ya kweli husamehe yote." Ndiyo maneno hayo hayo anayonong'onezwa biharusi akiwa anafundwa. Mimi nayakataa.

Hebu tuitazame vizuri. Gwen, mtumishi aliyechumbiwa na Mfalme Arthur, harusi ikiwa mlangoni anakutwa akimbusu Lancelot. Sisi watazamaji tunajua kavishwa bangili yenye uchawi kwa njama za Morgana. Arthur hajui, na hukumu inapita upesi: Gwen afukuzwe Camelot, na akirudi ni kifo. Sasa mtazame Agravaine, mjomba wake Arthur. Huyu anakaa kwenye baraza la mfalme huku akimpelekea Morgana siri zote. Anaaminiwa mpaka siku adui anapoingia ndani ya ngome. Mwanamke kahukumiwa papo hapo, mjomba kapewa muda mpaka mji ukatekwa.

Hamzioni nyumba zetu hapo? Mke akikosea, jamaa wa pande zote wanakusanyika kabla ya adhuhuri. Mume akiuza dhahabu ya mahari bila idhini ya mwenyewe, au akificha ndoa nyingine miaka mitatu, anayeitwa pembeni ni mke: "Samehe mwanangu, ndiyo ndoa. Funika kombe mwanaharamu apite." Kombe limefunikwa, mwanaharamu hakupita, kakaa kitako anakula.

Mtu atanijibu kwamba dini yetu ni ya kusameheana. Naam, na sina ubishi. Lakini tusichukue nusu ya dini tukaacha nusu. Nabii Yusuf aliwasamehe ndugu zake waliomtupa kisimani, ila someni mpangilio wa kisa: aliwatazama na kuwajaribu kwanza, wao wakakiri kosa lao, ndipo akawaambia hawana lawama. Na Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), katika vita vya Uhud, aliposilimu Uislamu wake ulikubaliwa. Hata hivyo Mtume alimwomba asiwe anajitokeza mbele ya uso wake. Basi mwanamke anayesema "nimesamehe, lakini siwezi kukaa nawe kama zamani" asiitwe mwenye kinyongo.

Wanazuoni wetu wametufundisha masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na ikiwa kuna haki ya mja, kumrudishia mwenyewe. Dhahabu iliyouzwa ni haki ya mja. Machozi ya mume sebuleni hayalipi hata pete moja. Kumwambia mke asamehe kabla ya kumwambia mume arudishe ni kumdhulumu mara ya pili.

Na suluhu ina njia yake. Surat An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza mwamuzi mmoja kutoka kwa watu wa mume na mmoja kutoka kwa watu wa mke. Wawili, si mashangazi wanne wakimzunguka mke jikoni. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 huku Bara kwa kawaida hutaka mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka. Huko mume naye anaulizwa.

Mtaniambia, mbona Arthur mwishowe alimuoa Gwen, nasi tukalia kwa furaha? Alimuoa, lakini baada ya Gwen kusimama naye bega kwa bega kuikomboa Camelot. Imani ilirudi kwa vitendo. Hata tamthilia yenye majoka imelijua hilo, sisi tunashindwa na nini?

Kwa hiyo, somo unayefunda wiki hii, mfundishe mwali kusamehe, ni ibada yenye malipo makubwa. Lakini mfundishe pia kuuliza: "Amekiri? Ameacha? Amerudisha?" Na wewe mama wa bwana harusi, somo hilo mpe mwanao kabla hajavaa joho.

Na wewe biharusi, samehe kwa ajili ya Mola wako, upate wepesi wa moyo. Funguo za kabati ya dhahabu zako zibaki kwako, mpaka aliyekusaliti azistahiki.

Wabillahi tawfiq.