Mnada Usioonekana Ndani ya Simu

Wakulima wa kahawa wa Mbinga wanaujua mnada. Zao lao limepita katika mikono mingi tangu enzi za Waingereza: ushirika wa Ngoni-Matengo, vyama vilivyovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, wanunuzi binafsi wa miaka ya soko huria, na sasa vyama vya msingi. Katika mapito hayo yote wamejifunza kuuliza maswali. Mizani ni ya nani? Nani ameipanga kahawa yangu katika daraja hili? Imenunuliwa kwa bei gani, na makato haya ni ya nini? Kiongozi wa ushirika anayebabaika mbele ya maswali hayo hutiliwa shaka papo hapo, na ni haki.

Leo tunataka kuzungumzia mnada mwingine, unaofanyika mikononi mwa wakulima hao hao mara nyingi kwa siku, pasipo wao kuona mizani wala kusikia bei. Hufanyika ndani ya simu, kila mtu anapoandika swali lake katika kisanduku cha kutafutia cha Google au cha mtambo mwingine wa namna hiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu akiandika, kwa mfano, maneno “mkopo wa haraka”, mitambo huwakusanya wafanyabiashara wote waliokwisha kueleza kwamba wanayataka maneno hayo, na kila mmoja kiasi alicho tayari kutoa. Wanashindanishwa kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Si fedha peke yake inayohesabiwa, kwani mtambo hukadiria pia kama tangazo linahusiana na swali na kama linaelekea kubofywa. Lakini asiyetoa fedha hayumo kabisa katika mashindano hayo. Washindi huwekwa juu, na mwananchi akibofya, mwenye tangazo hukatwa fedha. Majibu yasiyolipiwa hufuata chini yake, na kwenye kioo cha simu ndogo pengine hayaonekani mpaka mtu apandishe ukurasa kwa kidole. Katika mnada wa kahawa bidhaa ni kahawa. Hapa bidhaa ni macho ya mtu anayeuliza, pamoja na shida iliyomfanya aulize.

Wazo la kuuza nafasi ya juu halikuanzishwa na Google. Lilianza mwaka 1998 huko California, katika kampuni ya GoTo iliyoasisiwa na Bill Gross, na wakati ule wengi walilibeza. Mwaka huo huo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walitoa andiko juu ya mtambo wao mpya, wakaonya kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo utaelemea upande wa watangazaji na kuyapa kisogo mahitaji ya watumiaji. Walisema kweli. Mwaka 2000 wao wenyewe wakaanza kuuza matangazo, na kuanzia mwaka 2002 wakayauza kwa mnada wa kila mbofyo. Mwaka 2024 mapato ya Google yaliyotokana na utafutaji yalikuwa karibu dola bilioni 198. Bajeti nzima ya Serikali yetu kwa mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya fedha hizo.

Hatusemi kwamba mtambo huu ni uovu mtupu. Mwanafunzi wa Kigonsera hupata humo maelezo ya fizikia ambayo maktaba ya shule haina, na mkulima huona picha za chulebuni na kutu ya majani akazilinganisha na mibuni yake. Hata tangazo la kulipia lina manufaa yake kwa mfanyabiashara mdogo anayetaka kujulikana. Ubaya unaanza pale ambapo mtu hajui kwamba alichoonyeshwa kimelipiwa.

Mama mmoja wa kata ya Ukata alifika kwetu akiwa na simu yake mkononi. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano, kahawa ilikuwa haijalipwa, na alihitaji fedha za safari na vifaa. Akatafuta mkopo katika simu, akabofya mstari wa kwanza, akapakua programu, akakubali kila alichoulizwa, pamoja na ruhusa ya kusoma majina yote aliyoyahifadhi katika simu. Fedha alizopewa zilikuwa pungufu kuliko alizoomba, kwa kuwa ada ilikatwa mwanzoni, naye alitakiwa kurudisha zote katika siku saba. Siku ya tisa ujumbe wa kumtangaza kuwa mwizi ulikwisha kufika kwa shemeji yake, kwa katekista wa kigango chao na kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Hakuja kutuuliza namna ya kulipa, kwa maana alikuwa amekwisha kulipa. Aliuliza: “Kama hawakuwa watu wema, mbona waliwekwa wa kwanza?”

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike maoni haya. Kwa mama huyu, kama kwa wengi wetu, aliyewekwa wa kwanza ni aliyestahili. Mwanafunzi wa kwanza ndiye aliyefaulu kuliko wenzake. Kahawa ya daraja la juu imepata daraja hilo baada ya kuchambuliwa na kuonjwa na watu waliofunzwa kazi hiyo. Hakuna aliyemwambia kwamba katika orodha ile nafasi ya kwanza huweza kununuliwa. Zamani matangazo ya Google yaliwekewa rangi ya nyuma iliyoyatenga na majibu mengine. Mwaka 2013 rangi hiyo iliondolewa, ikabaki alama ndogo ambayo imekuwa ikibadilishwa mara kwa mara. Mwaka huo huo Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia wenye mitambo ya utafutaji kwamba tofauti kati ya tangazo na jibu la kawaida ilikuwa inazidi kufifia. Kama Mmarekani aliyezaliwa na intaneti anaweza kupotezwa na alama hiyo, mama wa Ukata anayetumia simu ya kuazima bando ataitambuaje?

Sisi wa Mbinga tunamfahamu mnunuzi wa magoma. Huja kabla ya mavuno, wakati nyumba haina kitu, akatoa fedha kidogo kwa kahawa iliyo bado mtini. Serikali imempiga vita mwaka hata mwaka. Lakini mnunuzi wa magoma angalau hupanda mlima kwa miguu, huonekana na mwenyekiti wa kijiji, na akizidi huweza kukamatwa. Mkopeshaji wa ndani ya simu hulipia maneno ya shida zetu akiwa mahali tusipopajua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo jina la programu hubadilishwa kwa siku moja, na orodha hiyo haimfikii mtu pale anapouliza.

Wengine wameonyesha kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Nchini Uingereza, tangu Septemba 2021, Google huwataka watangazaji wa huduma za fedha wathibitishe kwanza kwamba wanatambuliwa na mamlaka inayosimamia huduma hizo. Kwa jirani zetu wa Kenya, tangu Januari 2023, programu za mikopo hutakiwa kuonyesha leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo ndipo ziruhusiwe katika duka la programu la Google. Afrika Kusini, Tume ya Ushindani ilipendekeza katika taarifa yake ya awali ya Julai 2022 kwamba matangazo yawekewe mipaka na kivuli cha kuyatenga, na kwamba sehemu ya juu ya ukurasa iachiwe majibu yasiyolipiwa. Katika taarifa ya mwisho ya Julai 2023 ikaitaka Google iyasaidie majukwaa madogo ya nchini humo yaonekane. Huko Marekani kwenyewe, Agosti 2024, Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake katika utafutaji kinyume cha sheria, miongoni mwa mambo mengine kwa kulipa mabilioni ya dola ili iwe chaguo la kwanza katika simu za watu. Apple peke yake ililipwa dola bilioni 20 mwaka 2022.

Kwa hiyo hatuoni sababu ya mkopaji wa Mbinga kupata kinga pungufu kuliko ya mkopaji wa Nairobi au London. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kuwahadaa walaji. Tunayo Tume ya Ushindani, tunayo Mamlaka ya Mawasiliano, na sasa tunayo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tangu mwaka 2022 makampuni ya nje yanayouza huduma za mtandao hapa nchini yanadaiwa kodi ya asilimia 2 ya mapato. Anayetozwa kodi kwa biashara aliyoifanya kwetu anaweza pia kutakiwa aandike kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, kwamba mstari huu ni tangazo lililolipiwa, na asiuze neno “mkopo” kwa mtu asiye na leseni ya Benki Kuu.

Lakini hatuwezi kuzitupa lawama zote California. Mnada huu hunoga zaidi pale ambapo mwenye jibu la kweli amenyamaza. Jaribuni, ndugu wasomaji, kutafuta kwa Kiswahili bei ya kahawa ya maganda iliyotangazwa juma lililopita, au namna ya kuomba mkopo wa halmashauri. Sheria inaagiza asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Mama wa Ukata, akiwa na wenzake katika kikundi, ana haki ya kuiomba. Je, simu yake ilimwambia? Taarifa za ofisi zetu nyingi za umma hubandikwa ubaoni, au hupigwa picha zikiwa zimepinda, mhuri umefunika nusu ya maneno, kisha hutumwa katika kundi la WhatsApp. Barua ya namna hiyo ni vigumu kwa mtambo kuisoma na kuileta mbele ya mtu. (Na baadhi ya tovuti za umma zina picha nyingi za wakubwa wakikata utepe kuliko namba za simu za kuulizia.) Nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na mwenye fedha, au na tovuti za kunakili zinazoishi kwa matangazo.

Jambo hili litazidi kuwa zito. Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka juu ya majibu muhtasari uliotungwa na akili mnemba, na Oktoba mwaka huo huo ikaanza kuingiza matangazo ndani ya muhtasari huo huko Marekani. Mtambo unaotunga jibu hulitunga kwa maandishi uliyoyakuta. Ukikuta Kiswahili kidogo kilichoandikwa na wenye dhamana, na Kiswahili kingi cha wauza mikopo, utatunga kwa hicho kingi.

Wenye nyumba za wageni za Mbamba Bay nao wana sababu ya kulifikiria suala hili. Barabara ya lami kutoka Mbinga imewaletea wageni, lakini mgeni anayetafuta jina la nyumba huweza kukutana kwanza na tangazo la wakala wa ng’ambo aliyelinunua jina hilo hilo, kisha mwenye nyumba akakatwa kamisheni kwa mgeni aliyekuwa tayari anakuja kwake. Nyumba 10 zikiungana kuweka ukurasa mmoja wenye namba zao na bei zao, gharama yake haitafikia kamisheni ya msimu mmoja.

Kwa halmashauri za Mbinga na Nyasa, pamoja na vyama vyetu vya ushirika, tunachoomba hakihitaji fedha nyingi. Masharti ya mkopo, bei za mnada, makato na jina la ofisa wa kuulizwa yaandikwe kwa maneno ya kawaida katika ukurasa unaosomeka kwa simu ndogo, na yabadilishwe kila yanapobadilika.

Shule za kidato cha tano hufunguliwa Julai, na malipo ya kahawa huja baadaye. Katika majuma hayo ndipo watu wa Ukata watakapoandika tena neno “mkopo” katika simu zao. Tungependa, ifikapo wakati huo, masharti ya mkopo wa halmashauri yawe yamekwisha andikwa mahali wanapoweza kuyakuta.