UCHAMBUZI: Path of Exile 2, mchezo uliouzwa ungali jikoni

WAPENZI wa michezo ya kompyuta wamezoea kuahidiwa mengi. Kampuni inapojiandaa kutoa mchezo mpya, hutanguliza orodha ndefu ya mambo yatakayokuwemo: mashujaa wapya, silaha za ajabu na majini wa kila umbo.

Zamani orodha hiyo ilikuwa tangazo tu la kibiashara. Siku hizi imegeuka kuwa bidhaa yenyewe, kwani mteja hulipia leo kitu atakachokabidhiwa kesho, na pengine mtondogoo.

Mfano mwafaka ni Path of Exile 2, mchezo wa mapigano unaochezwa kwenye intaneti. Waundaji wake ni kampuni ya Grinding Gear Games ya New Zealand, inayomilikiwa na Tencent ya Uchina.

Katika michezo ya aina hii, mchezaji huchukua nafasi ya shujaa na kuangamiza majini. Kila jini likianguka, huenda likaacha upanga, ngao au pete iliyo bora kuliko aliyo nayo. Utamu wote umo katika hiyo 'huenda'.

Mchezo huo ulitangazwa Novemba 2019 kama hadithi mpya itakayounganishwa na mchezo wa kwanza, uliozinduliwa 2013. Julai 2023 mpango ukabadilika, na ikaelezwa kwamba michezo hiyo miwili itasimama kila mmoja kivyake.

Ahadi zilikuwa nono. Kungekuwa na aina 12 za mashujaa na hadithi ya sura sita. Aidha, mchezo ukikamilika ungechezwa bila malipo, kama ule wa kwanza.

Milango ilifunguliwa Desemba 6, 2024 kwa waliokuwa tayari kulipa Dola 30, takriban Sh3,900 kwa thamani ya wakati huo. Ndani walikuta aina sita za mashujaa na sura tatu. Aliyemaliza sura ya tatu alirudishwa mwanzo azipitie zizo hizo kwa ugumu zaidi, ili kuziba pengo la sura zilizokuwa bado hazijaandaliwa.

Hayo hayakuwazuia watu kumiminika. Siku chache baadaye, zaidi ya wachezaji 570,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja kupitia duka la Steam pekee.

Tuwe waadilifu. Kampuni haikuficha kwamba kazi ilikuwa haijakwisha, na mnunuzi alirejeshewa pointi za thamani iyo hiyo za kununulia mapambo mchezoni. Kwa hivyo huyu si mbuzi aliyeuziwa ndani ya gunia. Gunia lilikuwa wazi, na kila mtu alimwona mbuzi akiwa na miguu miwili.

Tatizo ni kwamba hata hiyo miguu miwili iliweza kubadilishwa baada ya fedha kulipwa. Aprili 2025 toleo jipya lilimleta mwindaji wa kike anayepigana kwa mkuki, lakini pia lilipunguza makali ya mbinu nyingi ambazo wachezaji walikuwa wamezizoea. Malalamiko yalifurika, na waundaji wakalazimika kufanya marekebisho siku baada ya siku.

Ndiposa nashikilia kwamba anayesoma orodha ya mambo yajayo asiangalie kwanza idadi ya mashujaa. Aangalie panaposemwa habari za soko na za intaneti, maana hapo ndipo mchezo hunawiri au huharibika.

Wakongwe wanaikumbuka Diablo III ya kampuni ya Blizzard ya Marekani. Agosti 2011, miezi kadhaa kabla ya mchezo huo kutoka, ilitangazwa kwamba ungekuwa na soko la mnada ambamo wachezaji wangeuziana silaha kwa fedha halisi, na kampuni ikitoza ada yake. Vilevile, hakuna ambaye angeucheza bila intaneti, hata akiwa peke yake.

Ahadi hizo mbili zilitimizwa barabara. Usiku wa uzinduzi, Mei 15, 2012, seva zililemewa na watu waliokwisha kulipa wakabaki nje wakitazama ujumbe wa hitilafu nambari 37. Huko Korea Kusini, maafisa wa tume ya kusimamia biashara ya haki walipekua ofisi za kampuni hiyo kufuatia malalamiko ya wateja walionyimwa marejesho ya pesa zao.

Soko nalo liliuguza mchezo polepole. Ikiwa upanga bora unapatikana kwa dola chache, kuna haja gani ya kukesha ukipigana na majini? Mchezaji aligeuka mchuuzi, na kilichokuwa burudani kikawa hesabu. Blizzard yenyewe ilikiri kwamba soko hilo lilidhoofisha kiini cha mchezo, ikalifunga Machi 18, 2014.

La kustaajabisha ni kwamba uwanja wa timu kupambana, uliokuwa umenadiwa kwa mbwembwe kabla ya uzinduzi, haukuja kamwe katika sura iliyoahidiwa. Kilichogusa mfuko kilifika. Kilichokuwa cha raha tupu kiliachwa njiani.

Waundaji wa Path of Exile walijifunza, au pengine walikuwa wakijua tangu awali. Kwao hakuna soko rasmi la fedha halisi. Wachezaji hubadilishana kwa vito vya uchawi ambavyo pia hutumika kuboresha silaha, mfano wa mkulima na gunia la mahindi: anaweza kuyauza au kuyala. Kwa miaka mingi walikataa kurahisisha biashara hiyo, wakihofia kwamba kununua kukiwa rahisi mno, hakuna atakayetafuta.

Matokeo yake yalikuwa kero. Mnunuzi alimwandikia muuzaji, akangoja, akaandikia wengine watano, na mara nyingi asijibiwe na hata mmoja.

Agosti 2025 walilegeza kamba. Muuzaji aliruhusiwa kuacha bidhaa zake kibandani na kwenda zake, naye mnunuzi akazichukua kwa vito, pamoja na ada ya dhahabu inayopatikana kwa kucheza tu. Naona dhahabu hiyo ndiyo breki: asiyepigana hana cha kulipia ada. Kwangu mimi, uamuzi huo ni mzito kuliko shujaa yeyote aliyeongezwa.

Kwa mnunuzi wa Kenya, anayelipa kwa dola katika duka la ng'ambo, Katiba katika Kifungu cha 46 inampa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi alichonunua. Habari anayohitaji zaidi hapa ni tarehe, nayo ndiyo iliyokuwa adimu.

Wakati wa kufungua milango ilisemwa kwamba kazi iliyosalia ingechukua angalau miezi sita. Mwaka mzima ulipita. Agosti 2025 sura ya nne iliwasili, na Desemba akaja Druid, shujaa anayejigeuza dubu na mbwamwitu. Mwaka huo ulikwisha sura mbili zikiwa bado zinadaiwa, pamoja na mashujaa wanne.