Goma: Wati elfu moja za kwenye karatoni

Kwenye maduka ya Goma, karatoni za sinema ya nyumbani zinaandikwa PMPO wati 1000, na wateja wanalipa. Huo ni wizi wa mchana. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinaandika namba kinayoipenda. Mteja ageuze mashine asome nyuma: kama inakula wati 60 za umeme, hizo 1000 itazitoa wapi?

Wanaoumia ni familia zilizokimbia vita na kuacha hata sufuria. Wanaweka pesa kidogo kidogo ili watoto waone filamu na wazee wasikie habari, kisha wanauziwa plastiki nyepesi yenye sauti ya kupasuka. Wakati huohuo seremala na fundi redio wa mtaani wanachekwa, eti bafle zao ni za maskini.

Bafle ndefu si uchawi. Ni triplexi ya milimita 18, gundi kwenye kila kiungo hewa isipite, vipande vya blanketi ndani, mchanga mkavu kwenye kitako isianguke. Hata spika za gari bovu zinafaa, kama ampli inakubali omu 4.

Lakini mafundi nao wasisifiwe bure. Wapo wanaotumia triplexi nyembamba inayotetemeka kama bati. Wengine wanageuza waya nyekundu na nyeusi kwenye bafle moja tu, na zikipigwa mbili pamoja besi inapotea. Anayelipa adai kusikilizishwa kwanza, sauti ikiwa juu, kabla ya kumaliza deni.